Ugomvi wa samaki katika tangi la maji chumvi: chanzo chake, dalili zake na namna ya kuudhibiti

Mwananchi anayefuga samaki wa baharini nyumbani anaweza kuwa na maji safi, joto linalofaa na chakula cha kutosha, lakini asubuhi akakuta samaki mmoja amekufa, mapezi yake yakiwa yamechanika. Katika matukio mengi ya aina hiyo, lawama hupelekwa kwa muuzaji au kwa ubora wa maji, ilhali aliyesababisha kifo ni samaki mwenzake aliye ndani ya tangi hilo hilo. Ugomvi ni miongoni mwa sababu za kawaida za vifo vya samaki wa mapambo katika matangi ya maji chumvi, na mara nyingi huanza siku ile ile samaki mgeni anapoingizwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini samaki wa miamba ya matumbawe hugombana, namna ya kupanga tangi ili ugomvi usiote mizizi, hatua za kuchukua pale unapozuka, na sababu ya kutomwachia baharini samaki aliyeshindikana.

Suala hili linaugusa ukanda wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Miamba ya matumbawe iliyopo kuanzia Lamu hadi Mtwara ni makazi ya samaki wengi wanaopendwa na wafugaji duniani, na kwa miongo kadhaa Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa mapambo wanaokamatwa na wazamiaji katika pwani yake. Kila samaki anayekufa tangini kwa kuumwa na mwenzake ni samaki aliyetolewa mwambani bila faida, na pengo lake hujazwa kwa kuvua mwingine. Kwa hiyo, kupunguza vifo vya majumbani ni sehemu ya kulinda rasilimali za bahari.

Chanzo cha ugomvi

Katika mwamba wa matumbawe, eneo ni mali. Samaki mwenye shimo la kujificha, kipande cha mwamba chenye mwani wa kula au mahali pa kutagia mayai ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kuzaa kuliko asiye navyo. Wapo samaki wadogo wa jamii ya Pomacentridae ambao hutunza viwanja vya mwani mwambani, huondoa mwani wasioutaka na kumfukuza kila anayekaribia, hata awe mkubwa mara kadhaa kuliko wao. Mzamiaji anayepita karibu na kiwanja cha namna hiyo anaweza kukimbizwa na samaki mwenye urefu wa kidole.

Baharini mapambano hayo huisha haraka. Samaki aliyeshindwa huogelea mita chache, hutoka nje ya mpaka wa mwenzake, na aliyemfukuza hurudi kwenye shughuli zake. Tangini hali ni tofauti. Tangi zima la urefu wa sentimita 120 linaweza kuwa ndani ya mpaka wa samaki mmoja. Aliyeshindwa kila anapogeuka bado yuko katika eneo la mwenzake, na mwenye eneo huendelea kumfukuza kwa sababu, kwa silika yake, mvamizi hajaondoka. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katika tangi la kioo, fahali aliyeshindwa hana hata mlango wa kutokea.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba samaki huwachagua maadui wao. Mwanasayansi wa Austria Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili kwa utafiti wa tabia za wanyama, alieleza suala hilo katika kitabu chake kuhusu ugomvi kilichochapishwa mwaka 1963. Baada ya kuwaangalia samaki wa matumbawe baharini na katika matangi, aliona kwamba samaki humshambulia zaidi mwenzake wa aina ile ile kuliko wa aina nyingine. Sababu yake inaeleweka: wa aina moja hula chakula kile kile, hutafuta shimo la aina ile ile na huwania mwenza yule yule. Uzoefu wa wafugaji unaongeza kwamba hata samaki wa aina tofauti anaweza kushambuliwa iwapo anafanana na mwenyeji kwa umbo, rangi au chakula.

Kutokana na hayo, samaki mgomvi hapaswi kuchukuliwa kuwa na tabia mbaya. Anafanya lile lile linalomwezesha kuishi baharini. Wajibu wa mfugaji ni kurudisha tangini yale ambayo mwamba huyatoa, yaani nafasi, maficho na namna ya kutoka machoni pa mwenzake. Pale yasipowezekana yote, wajibu wake ni kutowaweka pamoja samaki wasiopatana.

Samaki wanaohitaji uangalifu zaidi

Samaki wa anemoni, mwenye rangi ya chungwa na mistari meupe, ambaye alipata umaarufu kupitia filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, hudhaniwa kuwa mpole. Jamii yake ina aina kadhaa, na mbili kati ya hizo, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, hupatikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Samaki hawa huishi kwa ngazi: jike ndiye mkubwa na mtawala, dume humfuata kwa ukubwa, na wengine wote katika kundi ni wadogo wasiozaa. Wote huanza maisha wakiwa madume. Jike akifa, dume hubadilika na kuwa jike, na mdogo anayefuata hupanda ngazi na kuwa dume.

Mabadiliko hayo hayana njia ya kurudi. Jike hawezi kuwa dume tena. Mfugaji anayeweka majike wawili wakubwa katika tangi moja anaanzisha vita ambavyo kwa kawaida huisha kwa kifo. Njia salama ni kununua samaki wawili wadogo wa aina moja, mmoja akiwa mkubwa kidogo kuliko mwenzake, na kuwaingiza pamoja ili ngazi ijipange yenyewe. Mdogo akionekana kutetemesha mwili mbele ya mkubwa, hiyo ni ishara ya kukubali utii na si ugonjwa.

Samaki mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, ni mfano mwingine kutoka pwani hii. Akiwa mdogo huvutia, ni mvumilivu na bei yake ni nafuu, hivyo huwa miongoni mwa samaki wa kwanza kununuliwa. Akikua hufikia zaidi ya sentimita 10, madoa hufifia, na huwa mtawala wa tangi asiyeruhusu mgeni yeyote kutulia. Wafugaji wengi wanaolalamika kwamba kila samaki mpya hufa tangini mwao wana samaki wa jamii hii waliyemtangulia wengine wote.

Kangaja nao wana silaha halisi. Pande zote mbili za shina la mkia wana mwiba mkali kama wembe, ambao huutumia kwa kupiga mkia ubavuni mwa mpinzani. Kangaja wa buluu wa Bahari ya Hindi, Acanthurus leucosternon, anajulikana kwa ukali dhidi ya kangaja wenzake. Samaki hawa huogelea umbali mrefu kila siku wakitafuta mwani, na kwa jamii ya Acanthurus wafugaji wenye uzoefu hushauri tangi la urefu usiopungua sentimita 180. Kumweka kangaja katika tangi fupi ni kumnyima mwendo na kumzidishia ukali.

Kikande, chewa na mkunga wanahitaji kutazamwa kwa jicho jingine. Kikande ana meno yenye nguvu ya kuvunja magamba ya kaa na chaza, na anaweza kumjeruhi samaki yeyote. Chewa na mkunga kwa kawaida hawagombani na samaki wadogo; huwala. Kanuni rahisi ni kwamba samaki anayeweza kuingia mdomoni mwa mwenzake ni chakula, hata kama wamekaa pamoja kwa wiki kadhaa kwa amani.

Maandalizi kabla ya kununua

Kinga ya ugomvi huanza kabla samaki wa kwanza hajanunuliwa. Mfugaji anapaswa kuandika orodha ya samaki wote anaokusudia kuwafuga, akiangalia ukubwa watakaofikia wakiwa wazima, chakula chao na tabia zao. Ukubwa wa samaki siku ya kununuliwa haupaswi kuwa kigezo, kwa kuwa wengi huuzwa wakiwa wachanga.

Katika kuchagua tangi, urefu na upana vina maana zaidi kuliko kimo. Samaki wa mwambani hugawana eneo la chini na miamba. Tangi refu kwenda juu lenye lita nyingi linaweza kuwa na nafasi ndogo ya kugawana kuliko tangi la chini lililotandazwa.

Miamba nayo ipangwe kwa kusudi. Ukuta mmoja wa mawe nyuma ya tangi humwezesha samaki mmoja kuona na kutawala eneo lote. Vilima viwili au vitatu vilivyotenganishwa, vyenye mapango na njia za kupenya, hukata upeo wa macho na kuruhusu maeneo kadhaa. Idadi ya mashimo izidi idadi ya samaki, na kila shimo linalotegemewa na samaki mdogo liwe na njia mbili, ili asije akafungiwa ndani na anayemfukuza.

Mpangilio wa kuingiza samaki ni muhimu kuliko mambo mengi. Wapole huingizwa kwanza, wakali mwisho. Samaki aliyetangulia huona tangi lote ni lake, na anayekuja baadaye hulazimika kujitafutia nafasi. Mpole akitangulia hupata muda wa kujua maficho yake. Mkali akija baadaye huwa mgeni, na ugeni humpunguzia ujasiri.

Ipo desturi ya kuwatumia samaki wadogo wavumilivu kuanzisha tangi jipya, ili uchafu wao ulishe bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti na kisha nitrati. Desturi hiyo ina hasara mbili. Huwatesa samaki hao kwa amonia, na huwafanya wakali kuwa wenyeji wa kwanza. Bakteria hao wanaweza kukuzwa bila samaki, kwa kutia chanzo cha amonia na kupima maji mara kwa mara kwa muda ambao kwa kawaida ni wiki nne hadi sita.

Mwisho, zisiwekwe pamoja aina mbili zinazofanana sana, isipokuwa kwa samaki wanaojulikana kuishi kwa jozi au makundi. Samaki wapole na wazito wa mwendo, kama farasi wa baharini, wanahitaji tangi lao wenyewe.

Kumwingiza samaki mgeni

Samaki mpya anapofika kutoka sokoni amechoka, hana rangi yake kamili na hajui maficho. Huo ndio wakati anapokuwa dhaifu kuliko wote. Hatua ya kwanza ni kumweka karantini katika tangi dogo la pembeni kwa wiki nne hadi sita. Karantini humpa muda wa kupata nguvu na kuzoea chakula, na huzuia magonjwa kama ule wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans, kuingia katika tangi kuu. Ugomvi na ugonjwa huu huandamana mara nyingi, kwa sababu samaki anayefukuzwa kila saa hupungukiwa na uwezo wa kujikinga.

Siku ya kumhamisha, mfugaji anaweza kufuata hatua hizi:

1. Kuwalisha wenyeji vizuri kabla ya kumwingiza mgeni.

2. Kubadilisha mpangilio wa baadhi ya mawe. Mipaka iliyozoeleka ikivurugika, wenyeji nao hulazimika kuanza upya, na mgeni hapambani na mtu anayejua kila shimo.

3. Kumweka mgeni ndani ya kisanduku cha plastiki kinachoonesha, chenye matundu, kilichotundikwa ndani ya tangi kwa siku tatu hadi saba. Wenyeji humwona, humzoea na hushindwa kumdhuru. Wanapoacha kukizunguka kisanduku kwa hasira, mgeni anaweza kuachiwa.

4. Kuzima taa wakati wa kumwachia na kuziacha zimezimwa hadi kesho yake, ili apate maficho gizani.

5. Kumwangalia kwa makini katika siku mbili za mwanzo, hasa asubuhi taa zinapowashwa na wakati wa kulisha.

Kwa kangaja, baadhi ya wafugaji huegemeza kioo cha kujitazamia nje ya tangi, upande mmoja. Mwenyeji huiona taswira yake, huidhani mpinzani na kuielekezea ukali wake, huku mgeni akipata nafuu. Kioo hicho kiondolewe baada ya siku chache, maana samaki anayepigana na taswira yake bila kukoma huchoka.

Inapokusudiwa kuongeza samaki kadhaa wa tabia zinazokaribiana, ni bora waingizwe pamoja kuliko mmoja mmoja, mradi tangi na kichujio vina uwezo huo. Ukali wa mwenyeji ukigawanyika kwa watatu huwa mwepesi kuliko ukimwangukia mmoja.

Kutofautisha ugomvi wa kawaida na wa hatari

Si kila fukuza ni hatari. Kufukuzana kwa sekunde chache, kutanua mapezi na kuzungukana ni namna ya samaki kupanga ngazi, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Kuingilia kati mapema mno huweza kurefusha mchakato huo, kwa kuwa kila samaki anapotolewa na kurudishwa ngazi huanza kupangwa upya.

Hali huwa ya hatari yanapoonekana mambo yafuatayo: samaki mmoja kukaa kwenye kona ya juu ya tangi au nyuma ya pampu bila kutoka, kukataa kula kwa zaidi ya siku moja au mbili, kupumua kwa kasi, rangi kupauka, mapezi kuchanika, magamba kutoka au michubuko kuonekana ubavuni. Jicho lililojeruhiwa na jeraha lililo wazi ni dalili za kuchukua hatua siku hiyo hiyo. Mfugaji anayesubiri ngazi ijipange yenyewe baada ya dalili hizo kuonekana kwa kawaida hupoteza samaki.

Hatua za kuchukua ugomvi unapozuka

Jambo la kwanza ni kupima maji. Amonia na nitriti zinapaswa kuwa sifuri, chumvi iwe karibu na gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27. Samaki anayepumua kwa kasi au kujificha anaweza kuwa anasumbuliwa na maji, na kumwadhibu mwenzake hakutamsaidia.

Jambo la pili ni chakula. Mlo mmoja mkubwa kwa siku huleta ushindani. Milo midogo miwili au mitatu, ikitiwa katika pande mbili za tangi kwa wakati mmoja, humzuia mtawala kulinda chakula chote. Kangaja na tafi wapatiwe mwani kila siku, ukifungwa katika sehemu mbili zilizo mbali. Samaki mla mwani mwenye njaa huwa mkali. Hata hivyo, mabaki yaondolewe, kwa kuwa kulisha kupita kiasi huharibu maji.

Jambo la tatu ni kuongeza maficho au kupanga mawe upya, kama ilivyoelezwa. Hatua hii hutosha pale ugomvi unapotokana na shimo moja linalogombewa.

Hayo yakishindikana, samaki watenganishwe. Wengi humtoa anayeonewa, lakini kwa kawaida inafaa zaidi kumtoa anayeonea. Aliyeonewa hubaki, hupona na kujua tangi; mtawala hukaa tangi la pembeni kwa wiki moja hadi mbili, na anaporudishwa huwa yeye ndiye mgeni. Ikiwa aliyeonewa ana majeraha makubwa, naye apelekwe katika tangi la matibabu lenye maji safi na utulivu. Kizuizi cha plastiki chenye matundu, kinachogawa tangi pande mbili, hufaa kwa muda mfupi pale ambapo tangi la pili halipo.

Kumkamata samaki mkali bila kubomoa miamba yote ni kazi inayohitaji subira. Mtego mdogo wa plastiki unaofanya kazi kama dema la wavuvi, wenye mlango mmoja na chambo ndani, huwekwa tangini siku mbili au tatu ukiwa wazi hadi samaki azoee kulia humo, kisha mlango hufungwa. Kumfukuza kwa wavu huku na huko huwachosha samaki wote, pamoja na yule anayekusudiwa kusaidiwa.

Wapo samaki ambao hurudia ukali wao hata baada ya hatua zote hizo. Kwa hao, uamuzi sahihi ni kuwatafutia makazi mengine: kuwarudisha kwa muuzaji, kumpa mfugaji mwenye tangi kubwa, au kuwatengea tangi lao.

Usalama wa mfugaji

Samaki wakali huweza kumjeruhi pia anayewahudumia. Kangaja asishikwe kwa mkono, na ni vyema ahamishwe kwa chombo kigumu cha plastiki badala ya wavu, kwa kuwa wembe wa mkia wake hunasa kwenye nyuzi. Samaki-simba ana miiba yenye sumu mgongoni, tumboni na karibu na mkia. Anayechomwa anashauriwa kuzamisha sehemu iliyojeruhiwa katika maji ya moto yanayovumilika, ya nyuzi joto 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku joto la maji likipimwa kwanza kwa mkono usiojeruhiwa ili kuepuka kuungua, na afike kituo cha afya. Watoto wasiruhusiwe kuingiza mikono katika tangi lenye samaki hao.

Samaki aliyeshindikana asiachiwe baharini

Mfugaji aishiye karibu na pwani anaweza kuona ni huruma kumpeleka samaki mgomvi ufukweni na kumwachia. Yaliyotokea upande wa pili wa dunia yanaonesha gharama ya huruma hiyo.

Samaki-simba ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, na katika miamba ya Afrika Mashariki ni samaki wa kawaida. Mwaka 1985 alionekana kwa mara ya kwanza katika pwani ya Florida, Marekani, mahali ambapo hakuwahi kuwapo. Wanasayansi wanaamini kwamba alifika huko kutokana na wafugaji kumwachia baharini. Tangu hapo ameenea katika pwani ya kusini mashariki ya Marekani, Bahari ya Karibi na Ghuba ya Meksiko, hadi Brazil. Samaki wa huko hawakumjua kama adui, na wanaomla ni wachache. Jike mmoja anakadiriwa kutaga mayai takriban milioni mbili kwa mwaka. Utafiti uliofanyika Bahama na kuchapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba, katika miamba midogo aliyowekwa samaki-simba, idadi ya samaki wachanga wa kienyeji walioingia mwambani ilipungua kwa asilimia 79 ndani ya wiki tano. Waliopata hasara ni pamoja na wavuvi ambao hawakuwahi kumiliki tangi la kioo.

Matangi ya Afrika Mashariki nayo yanaweza kuwa na samaki kutoka Pasifiki, Bahari ya Shamu au Karibi. Hata samaki aliyevuliwa katika pwani hii hapaswi kurudishwa baada ya kukaa tangini, kwa kuwa huenda amechanganyika na samaki wa mbali dukani au nyumbani na kubeba vimelea visivyokuwapo mwambani. Maji ya tangi, mawe na mwani uliomo navyo visimwagwe baharini wala kwenye mikondo inayoelekea baharini. Maji yaelekezwe katika mfumo wa majitaka.

Wananchi wanaotaka kujikamatia samaki wa mapambo wenyewe, au kuwasafirisha, wanapaswa kwanza kupata maelekezo ya maafisa uvuvi wa maeneo yao. Kwa Tanzania Bara, shughuli za uvuvi zinasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, yana masharti yake. Kwa Kenya, inayotumika ni Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016.

Kwa mwananchi anayeanza, ushauri unaweza kufupishwa hivi: tangi pana kabla ya samaki wengi, maficho mengi kuliko samaki, wapole kabla ya wakali, na tangi la pembeni lililo tayari kabla halijahitajika. Anayeshindwa kumudu tangi hilo la pili anashauriwa kuchagua samaki wachache wapole, kwa kuwa siku ugomvi utakapozuka hatakuwa na mahali pa kumpeleka aliyeshindwa, na samaki huyo naye hatakuwa na pa kukimbilia.